Jenomu ya kuvumwani huamuliwa kabla ya mashine kuwashwa

Anayeingia kwenye utafiti wa jenomu za mimea, yaani DNA yote ya kila mmea, huanza kwa kuuliza habari za mashine: ipi isome DNA, kwa gharama gani, na kompyuta ya ukubwa gani iunganishe vipande. Kwa kuvumwani, mimea ile midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe, magome ya miti na kuta zenye unyevunyevu, isiyo na maua wala mbegu wala mizizi ya kweli, maswali hayo ni ya mwisho. Jenomu yake hufaulu au huharibika kwenye sahani ya kuoteshea, wiki nyingi kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Hapa nitaeleza sababu, kisha nitapitia kazi yenyewe ya mezani. Mifano yangu mikuu ni aina mbili ambazo zimeifundisha fani hii mengi: Physcomitrium patens na Ceratodon purpureus.

Nakala moja tu

Seli za mwili wa muhogo, mwembe au binadamu zina nakala mbili za kila kromosomu, moja ya upande wa baba na nyingine ya upande wa mama. Kwa kuvumwani mambo ni kinyume. Mche wa kijani wenye majani, ambao kitaalamu huitwa gametofiti, una nakala moja tu. Spora ikiangukia penye unyevu na mwanga hutoa nyuzi nyembamba ziitwazo protonema. Nyuzi huchipua, na kila chipukizi huwa mche wenye majani. Mche ukikomaa hutoa viungo vya uzazi. Mbegu ya kiume ina mikia miwili na haifiki kwenye yai bila utando wa maji wa kuogelea. Zikikutana ndipo nakala mbili hupatikana, na kinachoota ni kikonyo chembamba chenye kapsuli juu, yaani sporofiti, kinacholishwa na mche mama mpaka kikomae. Ndani ya kapsuli seli hugawanyika kwa meiosisi, nakala hurudi kuwa moja, na spora hutawanyika.

Faida ya kwanza ya hali hiyo ni ya kihesabu. Kuunganisha jenomu yenye nakala mbili ni kama kuunga kurasa za vitabu viwili vilivyochanwa pamoja, vinavyofanana karibu neno kwa neno lakini si kila neno: kila penye tofauti, kompyuta haijui ukurasa ni wa kitabu kipi. Kuvumwani inakupa kitabu kimoja. Faida ya pili, badiliko la jeni huonekana papo hapo, kwa kuwa hakuna nakala nyingine ya kulifunika. Tena jeni yenye kasoro kubwa haiwezi kupita vizazi na vizazi ikiwa imejificha. Uteuzi wa asili huikamata mapema.

Ila faida zote hizo zina sharti moja: sampuli iwe imetokana na spora moja na isiwe na kiumbe kingine ndani yake. Bumba la kuvumwani linaloenea kiganjani linaweza kuwa na miche ya kiume na ya kike, miche iliyotokana na spora mbalimbali, aina mbili tatu nyingine za kuvumwani zilizojipenyeza, pamoja na mwani, sianobakteria, kuvu, rotifa na wadudu wasioonekana kwa macho. Ukilisaga bumba lote kama lilivyotoka msituni, umeshaipoteza ile nakala moja uliyopewa bure, na hakuna programu itakayokurudishia.

Gransden, mstari wa spora moja

Physcomitrium patens ilikuwa ya kwanza kwa kuvumwani kusomwa jenomu yake yote. Mstari unaotumika katika maabara nyingi duniani unaitwa Gransden, nao ulitokana na spora moja ya mmea uliokusanywa na H. L. K. Whitehouse mwaka 1962 katika Gransden Wood, Uingereza. Mwaka 1997 Didier Schaefer na Jean-Pierre Zrÿd, wakiwa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba DNA inayoingizwa kwenye seli za mmea huu hujipachika pale hasa inapofanana na jenomu, tena kwa ufanisi ambao mimea mingine haina. Mtafiti aliweza kuchagua jeni moja, akaiondoa au akaibadilisha, miaka mingi kabla ya CRISPR, zana ya sasa ya kuhariri jeni. Hiyo ndiyo iliyoifanya kuvumwani hii ndogo kuwa chombo cha kazi cha maabara, na ndiyo sababu jenomu yake ilichapishwa mapema, mwaka 2008. Toleo la 2018 liliipanga katika kromosomu 27. Ukubwa wake ni karibu Mb 500, yaani herufi milioni 500 za DNA, na jeni zake zinapita 30,000.

Kupangwa katika kromosomu ndiko kulikofungua historia yake. Vipande virefu vya kromosomu moja vilionekana kuwa na jeni zilezile, kwa mpangilio uleule, kwenye kromosomu nyingine. Kutokana na hapo ikajulikana kwamba jenomu nzima iliwahi kujirudufu mara mbili, kuanzia kwa babu mwenye kromosomu 7. Jambo hili huwezi kuliona ukiwa na maelfu ya vipande vifupi visivyojulikana vinakaa wapi.

Gransden ina fundisho jingine, na wanaoanza kuotesha kuvumwani walisikie mapema. Mstari huu umedumishwa miaka mingi kwa kusagwa na kuoteshwa upya bila kupitia uzazi wa kijinsia. Katika maabara kadhaa sasa hutoa sporofiti chache mno. Kasoro iko upande wa kiume: mkia wa mbegu haufanyi kazi vizuri, na jeni iitwayo ccdc39, inayohusika na mwendo wa mkia, imetajwa kuwa sababu mojawapo. Mstari mwingine, Reute, uliokusanywa karibu na Freiburg, Ujerumani, bado huzaa sana. Maabara inayokata na kuotesha tu hujikusanyia mabadiliko ya jeni bila habari, kwa sababu sahani bado ni ya kijani na inapendeza machoni.

Kinga yake si ngumu. Pitisha mstari wako kwenye uzazi wa kijinsia walau mara moja kwa mwaka. Kwa Physcomitrium, shusha joto hadi nyuzi 15 za Selsiasi na mwanga uwe saa 8 kwa siku. Baada ya wiki tatu hivi viungo vya uzazi huwa tayari. Mwagia maji yaliyopita kwenye otoklevu (chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke) mpaka miche izame, ili mbegu zipate njia. Kapsuli zikigeuka hudhurungi zikusanye kabla hazijapasuka, zikaushe, zihifadhi. Na kila sahani iandikwe imetoka kwenye sahani ipi.

Ceratodon: kromosomu za jinsia, U na V

Physcomitrium hubeba viungo vya kiume na vya kike kwenye mche mmoja. Zaidi ya nusu ya aina za kuvumwani haziko hivyo: mche ni wa kiume au ni wa kike, basi. Ceratodon purpureus ni mmojawapo, nayo huota karibu kila mahali duniani, kando ya barabara, juu ya mapaa, kwenye udongo ulioungua, hadi Antaktika. Kundi la Stuart McDaniel, Chuo Kikuu cha Florida, limeifanyia kazi kwa miaka mingi, na mwaka 2021 Sarah Carey na wenzake walichapisha jenomu ya mche wa kiume na ya mche wa kike.

Kwa binadamu, mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Kwa kuwa mche wa kuvumwani una nakala moja tu, mpangilio huo hauwezekani. Mche wa kike una kromosomu U, wa kiume ana V, na ni sporofiti peke yake yenye zote mbili. Meiosisi inapofanyika ndani ya kapsuli, nusu ya spora hupata U na nusu hupata V.

Hapo ndipo swali la mageuko linapokuwa tamu. Kromosomu mbili zikiacha kubadilishana vipande, kasoro hujilundika, kwa kuwa hakuna njia ya kuzichuja. Y ya binadamu imepoteza jeni zake nyingi kwa sababu hiyo, huku X ikinusurika kwa kuwa ndani ya mwanamke ina mwenziwe wa kubadilishana naye. U na V zote mbili hazina pa kubadilishana. Ungetarajia zote zichakae. Lakini kila mche huishi kwa jeni za U peke yake au za V peke yake, bila nakala ya akiba, na mche uliopoteza jeni ya lazima hufa palepale. Nguvu mbili zinavutana.

Jibu la Ceratodon lilikuwa la kushangaza. Jenomu yake ni karibu Mb 360 katika kromosomu 13, na kromosomu ya jinsia peke yake inapita Mb 100, karibu asilimia 30 ya jenomu yote. Imejaa vipande vya DNA vinavyojirudiarudia, kama ilivyotarajiwa. Ila pia ina jeni zaidi ya 3,400, kwenye U na kwenye V vilevile. Hizi si kromosomu zilizochakaa. Kwa kulinganisha jeni zilizo na ndugu upande wa pili, watafiti walikadiria kwamba mfumo huu wa jinsia una umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Ni miongoni mwa mifumo mikongwe kabisa ya kromosomu za jinsia inayojulikana.

Usidhani kila bryofita, yaani kuvumwani na jamaa zake wa karibu, iko hivyo. Marchantia polymorpha, mmoja wa jamaa hao, ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2017, ina U na V ndogo zenye jeni chache. Sphagnum, kuvumwani ya mabwawa ya mboji ya kaskazini mwa dunia, iliposomwa na matokeo yake kutoka mwaka 2023, ilikutwa na kromosomu ya jinsia ya karibu Mb 5 tu. Kwa hiyo mwenye kusema "kromosomu za jinsia za kuvumwani" kwa ujumla aulizwe: za ipi?

Jinsia kwa kuvumwani haiishii kwenye viungo vya uzazi. Mwaka 2006 Nils Cronberg na wenzake, Sweden, walichukua kuvumwani ya Bryum argenteum, wakapanga miche ya kiume na ya kike ikiwa imegusana, ikiwa imeachana kwa sentimita 2, na kwa sentimita 4. Bila wadudu, sporofiti ziliota pale tu miche ilipogusana. Walipoweka kolembola (wadudu wadogo warukaji wa udongoni) na utitiri, sporofiti ziliota hata penye nafasi, maana yake wadudu hao hubeba mbegu za kiume. Mwaka 2012 Todd Rosenstiel na wenzake wakaonyesha kwa Ceratodon kwamba miche ya kike na ya kiume hutoa harufu tofauti, na kolembola huvutwa zaidi na harufu ya kike. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini kromosomu ya jinsia yenye maelfu ya jeni si ya kupuuzwa: tofauti ya kike na kiume inagusa kemia ya mmea mzima.

Na ndiyo maana kwa aina zenye jinsia mbili unahitaji kusoma miche miwili. Ukisoma wa kiume tu, U yote haimo kwenye data yako. Ukichanganya wote kwenye mrija mmoja, jeni za U na za V zinazofanana zitaunganishwa kimakosa kuwa kitu kimoja ambacho hakipo katika mche wowote.

Usahili usiwe ukale

Neno fupi kuhusu nasaba. Vitabu vingi vya shule bado huweka kuvumwani chini kabisa ya ngazi, kana kwamba ni babu wa mimea mingine. Data ya jenomu ya miaka ya karibuni inaonyesha kwamba kuvumwani, jamii ya Marchantia na jamii ya Anthoceros ni tawi moja, lililo ndugu wa mimea yote yenye mishipa. Kila upande umekuwa ukibadilika kwa muda uleule. Tena sehemu ya usahili wa tawi hili imetokana na kupoteza: Marchantia haina stomata (vitundu vya kupitishia hewa), ilhali sporofiti za Physcomitrium na za Anthoceros zinazo, na jeni zinazohusika zinaonyesha kwamba babu wa wote alikuwa nazo. Takakia, kuvumwani ya nyanda za juu za Tibeti iliyochapishwa jenomu yake mwaka 2023, ni ya ukoo uliojitenga karibu miaka milioni 390 iliyopita, na bado imekutwa na jeni zinazobadilika kwa kasi. Ukongwe wa ukoo haumaanishi kwamba mmea umesimama.

Kutoka msituni hadi kwenye sahani

Afrika Mashariki haikosi malighafi. Misitu ya mawingu ya Uluguru, Usambara, Kilimanjaro na Mlima Kenya imefunikwa na bryofita kuanzia shina hadi matawi. Tamás Pócs, mtaalamu kutoka Hungaria aliyefanya kazi Morogoro, alipima uzito wa mimea hiyo ya juu ya miti huko Uluguru na kiasi cha maji inachokishika, akachapisha mwaka 1980. Kilichobaki nyuma ni jenomu.

Anza na vibali kabla ya buti. Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, pamoja na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, ikiwa utachukua rasilimali za kijenetiki. Hifadhi za taifa na misitu ya serikali zina vibali vyao juu ya hivyo. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki, inayotumika tangu Oktoba 2014, inadai ridhaa ya nchi na makubaliano ya kugawana manufaa. Bila karatasi hizo sampuli haivuki mpaka kihalali, na majarida mengi hayatachapisha kazi yako.

Porini, tumia bahasha za karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na ndani ya siku mbili kuvu huwa imekula sampuli. Andika mahali, mwinuko, kinachootewa (jiwe, gome la mti wa aina gani, udongo) na tarehe. Acha ikauke yenyewe kivulini. Usiiweke kwenye joto la oveni ikiwa unataka kuiotesha. Gawa bumba mara mbili: nusu iende hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ikiwa na namba, nusu iende maabara. Jenomu isiyo na sampuli ya kurejelea hebariamu haiwezi kukaguliwa iwapo jina la aina litakuja kutiliwa shaka, na kwa kuvumwani majina hubadilika. Physcomitrium yenyewe ilikuwa Physcomitrella hadi juzi juzi.

Kuanzia mstari safi, tafuta kapsuli iliyokomaa lakini ambayo kifuniko chake bado kimekaa. Kapsuli iliyofunguka imeshaingiwa na kuvu ndani na haisafishiki. Chini ya hadubini, ikate na kikonyo kidogo cha kuishikia. Izamishe kwenye sodiamu hipokloriti ya karibu asilimia 1 kwa dakika 2 hadi 3. Jiki ya dukani yenye asilimia 3.5 ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu mbili na nusu za maji inatosha. Suuza mara tatu kwa maji yaliyopita otoklevu. Kisha iponde ndani ya mililita 1 ya maji hayo, zimua, na tandaza kwenye sahani ya agari. Ukizidisha muda, dawa hupenya na kuua spora. Ukipunguza, kuvu itaonekana siku ya tatu au ya nne, kabla spora hazijaota.

Chakula cha kuoteshea cha Knop ni rahisi kukitengeneza popote. Kwa lita moja: kalisi nitreti (yenye maji manne) gramu 1, potasi fosfeti KH2PO4 miligramu 250, potasi kloridi miligramu 250, magnesi salfeti (yenye maji saba) miligramu 250, feri salfeti (yenye maji saba) miligramu 12.5. Rekebisha pH iwe 5.8, ongeza agari gramu 8 hadi 12, ndipo upitishe otoklevu. Usiongeze sukari. Kuvumwani inajitengenezea chakula, na sukari inalisha bakteria na kuvu. Weka nyuzi 22 hadi 25, mwanga saa 16 kwa siku.

Protonema zikionekana, chukua koloni moja iliyotokana na spora moja, mbali na nyingine, uihamishe peke yake. Hapa watu huharakisha. Koloni mbili zilizogusana ni jenotaipu mbili, yaani seti mbili tofauti za jeni, na kwa aina kama Ceratodon zinaweza kuwa jinsia mbili. Mche usio na viungo vya uzazi huwezi kuujua jinsia kwa macho. Tumia PCR (njia ya kuzidisha kipande cha DNA) kwa jeni iliyo kwenye U au V kabla hujaanza kuzidisha. Ukishajua, tandaza karatasi ya selofani iliyosafishwa juu ya agari, saga protonema kwa maji, mwaga juu yake, na kila siku saba hivi utavuna tabaka la kijani linalobanduka bila agari. Agari ikiingia kwenye sampuli ya DNA, inakuwa polisakaridi (sukari ya minyororo mirefu) nyingine ya kuhangaika nayo.

Kutoa DNA

Adui ni polisakaridi na fenoli. DNA ikitoka ikiwa nzito kama uji mwembamba na haitaki kuingia kwenye pipeti, hizo ndizo zimo. Vuna protonema changa, siyo miche mizee, na ziweke gizani siku 2 hadi 3 kabla ya kuvuna ili wanga upungue.

Kwa miligramu 100 za tishu iliyokamuliwa maji: igandishe kwa nitrojeni ya maji, isage kwa kinu na mchi vilivyopozwa hadi iwe unga, na usiruhusu unga uyeyuke kabla ya kukutana na dawa. Weka mikrolita 700 za bafa ya CTAB (kemikali ya jamii ya sabuni inayopasua seli) iliyopashwa hadi nyuzi 65: CTAB asilimia 2, NaCl 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris-HCl 100 mM ya pH 8.0, PVP asilimia 2, na beta-merkaptoethanoli asilimia 0.2 inayotiwa siku hiyohiyo. Acha dakika 45 kwenye nyuzi 65, ukigeuza mrija taratibu kila dakika 10. Weka klorofomu na isoamili alkoholi (24 kwa 1) kwa ujazo uleule, geuza dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 12,000 dakika 10. Fanya hivyo kwenye joto la chumba. Kwenye baridi CTAB huganda na kukuvurugia tabaka. Chukua kimiminika cha juu bila kugusa utando wa katikati. Afadhali uache mikrolita 100 kuliko kuunyonya utando. Tia RNase, kimeng'enya kinachovunja RNA, kisha isopropanoli kiasi cha 0.7 ya ujazo, zungusha, osha mashapo kwa ethanoli ya asilimia 70, yayeyushe kwenye bafa ya TE.

Chumvi ile ya 1.4 M haikuwekwa kwa mazoea. Ndiyo inayozuia CTAB kushuka pamoja na DNA, na inayoacha polisakaridi nyingi zikielea. Aliyezimua bafa ili ienee sampuli nyingi hupoteza vyote viwili.

Kipimo cha mwanga cha 260/280 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280, unaoonyesha usafi) kiwe karibu 1.8, na 260/230 kisogee 2.0. Cha pili kikiwa chini ya 1.5, mashine inayosoma vipande virefu vya DNA itasoma kidogo hata kama DNA ni nyingi. Pima kiasi kwa Qubit, kifaa kinachotumia rangi inayong'aa ikishika DNA, kwa kuwa kipimo cha mwanga huhesabu RNA na uchafu kuwa DNA. Kwa vipande virefu usitumie pipeti yenye ncha nyembamba na usitikise mrija kwa mashine. Maabara nyingi hutenganisha viini vya seli kwanza, na naona inafaa kazi hiyo: DNA ya kloroplasti ya Physcomitrium ni herufi 122,890 tu, lakini kila seli ina nakala zake nyingi mno, na bila kuiondoa unalipia kusoma kloroplasti.

Kuunganisha na kukagua

Kwa jenomu ya Mb 500, usomaji wa mara 30 ni Gb 15 (herufi bilioni 15) za HiFi, yaani vipande virefu vilivyosomwa kwa usahihi mkubwa. Kwa Ceratodon, Gb 11 hivi. Ongeza data ya Hi-C, inayoonyesha ni sehemu zipi za DNA hukaa karibu ndani ya kiini, ili vipande vijipange katika kromosomu. Programu ya kuunganisha vipande iitwayo hifiasm imeandikwa ikitarajia nakala mbili; kwa kuvumwani izimie hatua ya kuondoa nakala pacha kwa `-l0`, la sivyo inaweza kutupa jeni zilizorudufiwa kihalali, na kwenye ukoo wenye urudufu wa jenomu nzima hasara hiyo si ndogo.

Kagua kwanza uchafu. Programu ya BlobTools huchora kila kipande kwa uwiano wa herufi G na C (GC) na kina cha usomaji, yaani kipande kimesomwa mara ngapi. Bakteria hujitenga kwenye kundi lao. Tazama ncha za kromosomu: TTTAGGG ikijirudia pande zote mbili ni dalili kwamba umeifikisha kromosomu mwisho hadi mwisho. BUSCO, programu inayohesabu ni ngapi kati ya jeni zinazotarajiwa zimepatikana, itumie, lakini kwa akili. Seti ya embryophyta ya toleo la odb10, yenye jeni 1,614, ilitengenezwa hasa kwa mimea yenye mbegu, na kuvumwani nzuri kabisa inaweza kupata alama ya chini kwa sababu baadhi ya jeni hizo haikuwahi kuwa nazo. Linganisha alama yako na ya Physcomitrium, usilinganishe na ya mpunga, na pitisha pia seti ya viridiplantae ya toleo hilohilo, yenye jeni 425. Alama kubwa ya "jeni zilizorudiwa" kwenye mstari unaodai umetokana na spora moja ni ishara ya urudufu wa zamani au ya sampuli iliyochanganyika. Kina cha usomaji kitakuambia ni ipi, maana jeni za sampuli iliyochanganyika huwa na kina cha nusu.

Si kila swali linadai haya yote. Anayetaka nasaba ya jenasi moja anaweza kunasa mamia machache ya jeni kwa probu (vipande vya DNA vya kunasia) za GoFlag, zilizotengenezwa kwa mimea yenye mbegu za kiume zenye mikia, na kuziunga kwa programu ya HybPiper. Njia hii inafanya kazi hata kwa DNA iliyokatikakatika ya sampuli za miongo kadhaa, kwa hiyo bahasha zilizopo tayari katika hebariamu ya Afrika Mashariki pale Nairobi, na nyingine kama hiyo, ni hazina ambayo haihitaji safari ya mlimani. Omba ruhusa ya maandishi, chukua miche michache ya kijani zaidi kutoka pembeni mwa bumba, ikague mmoja mmoja chini ya hadubini ili isiwe aina nyingine iliyojipenyeza, acha kapsuli zote mahali pake, na andika kwenye bahasha tarehe, kiasi ulichochukua na jina lako.